Kiti cha Moteri cha Mama Keren

Kiti cha moteri kiling'oka saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, mbele kidogo ya Rasi ya Tembwe, wakati Fanny ameinua chapati anataka kuing'ata. Wimbi liliinua boti nyuma na kuiachia, chuma kikalia kwa ukali, mbao ikaitikia kwa sauti nzito, na moteri yote, nguvu za farasi ishirini na tano, ikaruka kama chura na kutumbukia ziwani ikiwa bado inanguruma. Ilinguruma kidogo chini ya maji, halafu ikanyamaza.

"Yesu wangu," Fanny alisema, na chapati ikabaki hewani.

Kilichookoa moteri ni kamba. Emerance, mwenye boti, alikuwa ameifunga kwa kamba nene ya nailoni kwenye ubavu wa boti, jinsi alivyofundishwa na marehemu mume wake, aliyekuwa akisema kwamba moteri ni kitu kinachopenda kuoga. Kamba ilikaza, boti ikainama nyuma, na Ephraïm akairukia. Akaidaka kwa mkono wa kulia, ikamchana kiganja kutoka kidole gumba mpaka kifundo. Bonaventure naye akainama kuangalia mahali kiti kilipong'oka, miwani yake ikamtoka puani, ikafuata njia iliyofuatwa na moteri, ila yenyewe haikuwa na kamba.

Hapa inafaa tuwajue watu hawa kabla hawajaloa zaidi.

Emerance alikuwa mjane wa Kalemie mwenye miaka hamsini na miwili, muuza ndagala, yaani dagaa, na sauti yake iliwahi kusikika kutoka soko la samaki mpaka ng'ambo ya daraja la Lukuga bila msaada wa simu. Jina lake hilo liliitwa kanisani tu. Kwingineko alikuwa Mama Keren, kwa sababu Keren alikuwa mtoto wake wa pekee, na Keren alikuwa anaolewa kesho yake saa nne asubuhi, huko Mpala, kwao bwana harusi. Fanny alikuwa mdogo wake Emerance, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyejua kunyamaza akiwa na furaha wala akiwa na hofu.

Harusi hiyo ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, na kisa kilikuwa boti. Boti hiyo, Merci Mama, ilikuwa imezeeka. Ubao wake wa nyuma, ule unaobeba moteri, ulikuwa umeoza hata ukiubonyeza kwa kidole unatoa maji kama mkate uliolowekwa. Kesho hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ikipita hiyo, padri hafungishi ndoa mpaka Pasaka, na bwana harusi, Léon, alikuwa na kazi ya ualimu inayomngoja Manono siku ya Jumatatu. Keren alikuwa amepiga simu na kusema maneno machache: "Mama, bila weye mi siingii kanisa." Na Emerance alimjua mtoto wake. Kichwa kile kigumu hakukiokota njiani, alikirithi kwa mama yake.

Kwa hiyo Emerance aliita mafundi wawili walio bora kuliko wote, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Bonaventure alikuwa fundi wa mbao, mtoto wa watu wa ziwa, ambaye babu yake alichonga mitumbwi. Ephraïm alikuwa fundi wa kuchomelea, mtoto wa mtu wa reli, ambaye baba yake alizeekea katika karakana ya treni. Bonaventure alikata sehemu iliyooza, akaacha ile nzima ya chini, akaunga mbao mpya kwa pamba na lami, kazi safi kabisa. Moteri mpya ilikuwa na mguu mrefu, haikuweza kukaa juu ya ubao wenyewe, kwa hiyo Ephraïm alitengeneza kiti cha chuma cha kufunga nje ya ubao ili moteri iinuliwe shibiri moja na nusu. Nayo ilikuwa kazi safi kabisa. Kwa wiki tatu walifanya kazi kwenye boti moja, wakaamkiana "Papa Bona" na "Papa Ephraïm" kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyegusa msumari wa mwenzake. Wanawake wa mchangani walisema hawajawahi kuona mafundi wenye adabu namna ile.

Tena pale mchangani kuna desturi: chombo kikitoka matengenezo, aliyekitengeneza hupanda safari ya kwanza. Fundi aonje chakula alichopika. Ndiyo maana wote wawili walikuwa ndani ya Merci Mama asubuhi hiyo, na suruali zao za harusi zimekunjwa kwenye mifuko ya plastiki, pamoja na vyombo vyao vya kazi, mbuzi mmoja, magunia mawili ya unga, makreti ya vinywaji, na sufuria ambalo mtoto wa miaka kumi angeweza kulala ndani yake.

"Moteri iko wapi?" Bonaventure aliuliza, akikodoa macho yasiyoona kitu.

"Iko chini," Ephraïm alijibu, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Inaoga."

Hawakupata muda wa kusema zaidi. Wingu lililokuwa limekaa juu ya milima tangu asubuhi lilishuka. Upepo ulitoka nchi kavu, baridi, ukiwa na harufu ya udongo uliolowa, na ukaanza kuisukuma boti kule ambako hakuna aliyetaka kwenda, katikati ya ziwa. Walikamata makafi mawili, Emerance upande mmoja na Bonaventure upande wa pili, wakapiga maji kwa nguvu zao zote. Walipoinua vichwa, Rasi ya Tembwe ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

"Acheni," Emerance alisema, akihema. "Tunachoka bure. Kwanza moteri ipande, hii kamba isikatike."

Walivuta wanne, mikono saba mizima na mmoja wa kusaidia. Moteri ilipanda ikitiririka maji, na kiti cha chuma bado kimeikumbatia. Bolti nne, au buloni kama mafundi walivyoziita, zilikuwa bado kwenye chuma, na nati zake zimekamata nyuzi za mbao kama meno ya mtu aliyekula muwa. Kwenye ubao wa nyuma palibaki tundu refu, na kila wimbi lilipokuja lilichungulia ndani kisha likaingia bila hodi.

"Maji!" Fanny alipiga kelele. Akachukua ndoo, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga.

Emerance alifungua mfuko wake. Ndani palikuwa na kitenge cha sherehe, kile ambacho ukoo wote wa bibi harusi ungevaa, kimeshonwa kwa fundi wa mjini, mabega yamesimama kama mbawa. Alikiangalia muda mfupi sana. Kisha akakipasua kwa meno, akampa Bonaventure, naye akaanza kukigongelea kwenye tundu kwa patasi, kipande juu ya kipande, akipapasa kwa vidole.

"Sabuni," Bonaventure alisema. "Sabuni ya kufulia, ya mche. Nipakae juu."

Sabuni ilipatikana. Maji yakapungua, yakawa ya kudondoka tu.

Lakini mawimbi yalikuwa yameanza kuipiga boti ubavuni, na boti ikipigwa ubavuni haichukui muda kugeuka. Kreti moja iliruka na kwenda zake. Mbuzi alilala chali, akainuka, akalala tena. Emerance aliona kwamba lazima pua ya boti iangalie mawimbi, na boti isiyo na moteri hugeuzwa tu na kitu kizito kinachoburutwa kwa mbele.

"Fanny, leta sufuria."

"Sufuria ya harusi? Yaya, dada yangu, ile ni ya parokia! Tuliazima!"

"Leta. Parokia itatuombea."

Walifunga kamba kwenye mikono yote miwili ya sufuria, wakalitupa mbele. Likajaa maji, likazama, kamba ikakaza, na polepole, kama mwanamke mnene anayegeuka kitandani, Merci Mama ikageuza pua kuelekea upepo. Mawimbi yakaanza kupita pande zote mbili badala ya kupanda ndani. Fanny alipiga kigelegele kimoja, mvua ikamwingia mdomoni, akakohoa, akapiga kingine.

Ndipo Bonaventure, ameketi ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, mgongo wake ukiegemea ubao wa nyuma, akauliza lile swali.

"Papa Ephraïm. Ile chuma ya ndani iko wapi?"

"Chuma gani?"

"Ile ya kupokea buloni kwa ndani. Kiti ya nje haiwezi kujikamata yenyewe. Inaomba kitu upande wa ndani, kama si vile nati zinakula mbao."

Ephraïm alimtazama, mvua ikimtiririka puani. "Ile haikuwa chuma, Papa Bona. Ile ilikuwa mbao. Kipande ya mukula, nene. Ndani ya boti ni kwako. Nilikungojea uiweke."

"Mi njo nilikungojea weye!"

Radi ikapiga.

"Ngojeni," Emerance alisema, taratibu, na watu waliomjua waliogopa zaidi alipozungumza taratibu. "Mulijua? Wote wawili, mulijua kama kuna kitu inakosekana?"

"Mama Keren," Bonaventure alisema, "kazi ya mwenzako hauigusi. Ningeweka mbao mahali pa chuma yake, ingekuwa kumudharau."

"Njo vile," Ephraïm alikubali. "Kumudharau. Tena mbele ya watu."

"Eeh, Bwana!" Fanny alisema huku akimwaga maji. "Na sasa samaki njo watawaheshimu!"

Hakuna aliyetarajia kucheka hapo. Lakini Ephraïm alianza, kwa pua kwanza, kisha kwa tumbo, na Bonaventure akafuata, na mwishowe hata Emerance, aliyekuwa na kila sababu ya kuwatupa wote wawili ziwani, alijikuta ameshika ukingo wa boti anacheka huku anatetemeka kwa baridi. Walicheka mpaka wimbi kubwa likawanyamazisha. Baada ya hapo hawakugombana tena, maana ni vigumu kumgombeza mtu mliyecheka naye mkiwa mnakaribia kufa.

Dhoruba ilichoka saa tisa alasiri. Mvua ikakatika, jua likatoka, na wote wanne wakasimama kutafuta nchi kavu. Hakukuwa na nchi kavu. Pande zote palikuwa na maji na ukungu mweupe. Fanny alitoa simu aliyokuwa ameifunga katika plastiki mbili, akaiinua juu kutafuta mtandao.

"Rezo haiko," alisema. "Hata kidogo."

Maji ya kunywa hayakuwa shida. Ziwa lote hunywewa, na tangu asubuhi lilikuwa linajaribu kuwanywesha kwa nguvu. Chakula kilikuwepo, chapati zilizolowa na unga wa kulisha kijiji. Jerikani moja ya petroli ilikuwa imebaki, nzima, imefungwa. Kilichokosekana ni mwendo. Emerance aliangalia jua na kuhesabu saa zilizobaki mpaka kesho saa nne, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alishikwa na hofu ya kweli. Kufa alikuwa ameshakufikiria na kukuweka kando. Alichoogopa ni kumwona Keren amekaa mlangoni mwa kanisa, mkaidi, mdomo umekazwa, akimngoja mama asiyekuja, na watu wakimwambia aingie tu.

"Papa Bona," alisema, "hii kiti inaweza kurudi?"

"Inaweza. Hapa pameharibika, lakini mbao ya kando bado nzima. Tuisogeze viganja viwili kuume. Ila tunahitaji ile kipande ya ndani."

Emerance aliinuka kutoka kwenye benchi lake. Lilikuwa benchi la mukula, jekundu, nene vidole vitatu, na mume wake alilipigilia kwa mkono wake mwaka aliponunua boti. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulikalia. "Kata," alisema, akaenda kukaa juu ya gunia la unga, karibu na mbuzi.

Bonaventure alichukua msumeno, akainama, na papo hapo akasimama tena. Bila miwani hakuona hata meno ya msumeno. Ephraïm alikuwa na macho mazima, lakini mkono wake wa kulia, ambao Fanny alikuwa ameuosha kwa sabuni huku mwenye mkono akipiga kelele kuliko mbuzi, ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kichwa na haukuweza kushika hata kijiko. Wazee hao wawili walitazamana. Kwa usahihi zaidi, mmoja alitazama na mwingine akakisia.

"Nipe mukono yako," Ephraïm alisema. "Ile ya msumeno."

Akaushika kwa mkono wake wa kushoto na kuuweka mahali. "Hapo. Kata. Nyoosha... unaenda kushoto, Papa. Rudi. Vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza Ephraïm kukata mbao na mara ya kwanza Bonaventure kuongozwa kama mwanafunzi. Benchi lilitoa kipande cha urefu wa mkono. Wakakiweka ndani ya ubao wa nyuma, Ephraïm akachora alama nne kwa msumari, na Bonaventure, amefumba macho kwa sababu kuyafumbua hakukuwa na faida, akazungusha kekee mpaka ncha ikatokea nje na kunusa ziwa. Tundu la kwanza, la pili. Kwenye la tatu boti iliyumba, kekee ikateleza, akatukana kwa Kiholoholo, akaomba msamaha kwa Mungu, akaendelea. Bolti moja ilikuwa imepinda. Waliinyoosha kwa nyundo juu ya chuma chenyewe, na Bonaventure, fundi wa mbao, akakaza nati zote nne kwa spana huku mwenzake akimwambia, "Bado. Bado. Ongeza robo. Sasa acha, usiiue."

Upande wa pili Emerance alikuwa na moteri mapajani. Ephraïm alimwelekeza kutoka mbali, naye akafungua. Mikono iliyopasua samaki kwa miaka thelathini haiogopi vitu vidogo. Alitoa bujia, zile plagi za kuwashia moto, wakavuta kamba ya kuwashia, na maji yakaruka kutoka moteri kama kutoka puani mwa mtoto aliyezama. Alifungua kabureta, akamwaga maji, akapuliza vitundu vyake kimoja kimoja kwa mdomo mpaka ladha ya petroli ikamjaa kichwani, akakausha kila kitu kwa kilemba chake. Mikono yake ikawa myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko.

Moteri ilirudishwa kwenye kiti jua linazama. Ilikohoa mara mbili, ikakataa.

"Bado imelowa ndani," Ephraïm alisema. "Iache ilale. Lakini bujia zisilale kwa baridi."

Emerance alizifunga bujia mbili katika kipande cha kitenge na kuzitia kifuani. Wakala chapati za maji, wakalala kwa zamu, na kwa usiku uliobaki hakuna cha kusimulia, isipokuwa kwamba Fanny aliimba nyimbo zote za kitabu cha kwaya kwa mpangilio, na alipofika wimbo wa arobaini na tatu wanaume wakamwomba arudie ule wa tisa.

Asubuhi ukungu uliondoka. Jua lilichomoza nyuma ya milima mirefu, ya kijani, iliyo wazi kabisa, hata mabonde yake yalionekana.

"Ile ni Tanzania," Bonaventure alisema, alipoelezwa. "Milima ya Kungwe. Tuliletwa mbali."

Magharibi, upande wa nyumbani, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu ambao ungeweza kuwa nchi kavu au wingu. Emerance aliinua jerikani, akaitikisa, akaiweka chini. Kwenda Tanzania ilikuwa saa mbili au tatu, na petroli ingebaki. Kwenda Mpala ilikuwa saa sita au zaidi, na petroli ingetosha kwa shida, juu ya kiti kilichofungwa na kipofu na kiwete wa mkono. Alizitazama pande zote mbili. Kisha akasema kwa sauti ambayo Fanny hakuwahi kuisikia kwake:

"Tuende Tanzania. Siwezi kuua watu kwa sababu ya harusi."

Bonaventure alitambaa mpaka nyuma ya boti, akapapasa kiti, akakishika kwa mikono miwili na kujining'iniza kwa uzito wake wote, miguu ikiwa hewani, akajitikisa kama anayetaka kukivunja. Kisha akaweka kiganja ndani, juu ya kipande cha benchi, akapitisha vidole kwenye nati moja moja.

"Papa Ephraïm, uangalie weye pia."

Ephraïm aliinama, akaangalia kwa muda, akapiga chuma kwa spana na kusikiliza. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mama Keren," Bonaventure alisema, "kiti yetu itafika Mpala."

Kwa wiki tatu mchangani kulikuwa na mbao yangu na chuma yako. Emerance aliwatazama wote wawili, akatoa bujia kifuani, zikiwa na joto kama mayai, akazirudisha mahali pake. Kwa sababu mmoja hakuwa na mkono na mwingine alikuwa amechoka, alivuta kamba ya kuwashia mwenyewe. Alivuta mara kumi. Alivuta mara ishirini, akapumzika, akamwita Mungu, akamwita mume wake, akavuta. Mara ya thelathini na moja moteri ilipiga chafya, ikatoa moshi wa buluu, na ikanguruma.

Jinsi walivyopiga kelele! Fanny alimbusu mbuzi. Ephraïm alimkumbatia Bonaventure kwa mkono mmoja, na Bonaventure, kwa kutoona vizuri, akambusu Ephraïm sikioni. Waliliingiza sufuria la parokia, lina bonde upande mmoja, na Merci Mama ikageuza pua magharibi.

Ilikuwa safari ya polepole. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimesogezwa kuume, boti ilivuta kushoto muda wote, na Emerance aliushikilia mpini kwa mikono miwili saa baada ya saa, bila kuongeza mwendo hata alipotamani. Bonaventure hakuondoa kiganja chake kwenye kipande cha mukula. Kila mara aliulizwa "Iko aje?" na kila mara alijibu "Imekamata." Mstari wa buluu uliacha kuwa wingu, ukawa milima. Saa nne kamili ilipita wakiwa bado mbali, na Fanny akakatiza wimbo katikati. Emerance aliendelea kuangalia mbele. Saa sita wakaona miti. Jerikani ilipoinuliwa kwa mara ya mwisho, kilichotoka kingejaa kikombe cha chai.

Moteri ilizimika hatua mia mbili kutoka ufuoni mwa Mpala, saa saba na robo mchana, na safari hii haikuwa na kosa lolote: petroli ilikuwa imekwisha. Wakachukua makafi.

Huko juu, kwenye ngazi ya kanisa, Keren alikuwa amekaa na gauni lake jeupe tangu saa nne. Léon alikaa kando yake, amevua viatu. Padri Serge alikuwa ameshaangalia saa yake mara nyingi, wazee wa ukoo wa bwana harusi walishakuja kumbembeleza kwa zamu, na wote walipata jibu moja, "Mama anakuja." Mlio wa moteri uliposikika na kisha kukatika, aliinuka. Walipoona boti inayokwenda upande kama kaa, mwanamke mmoja nyuma akiwa hana kilemba, Keren alikuwa ameshafika nusu ya njia, gauni limeshikwa juu ya magoti, shela inapepea nyuma yake, na harusi nzima ikimkimbilia.

Aliingia majini mpaka mapajani.

"Usinikamate!" Emerance alipiga kelele, mikono miwili juu hewani. "Keren, niko na mafuta! Gauni! Gauni yako!"

Lakini nani amewahi kumzuia Keren? Alimkumbatia mama yake kabla hajatoa mguu wa pili botini, na mikono ya Emerance, baada ya kubaki hewani kwa muda, ikashuka yenyewe na kumshika mtoto wake mgongoni, kwa nguvu.

Ndoa ilifungwa saa nane. Mama wa bibi harusi aliingia kanisani akiwa na nguo iliyolowa, ameshikwa mkono huku na mzee asiye na miwani na huku na mzee mwenye kitambaa cha kichwa mkononi. Keren aliposimama mbele ya altare, akiwapa watu mgongo, kanisa zima liliona alama kumi za vidole, nyeusi, juu ya kitambaa cheupe. Minong'ono ikaanza. Mama Jeannette, mkubwa wa mapambo, hakuweza kuvumilia. Akanyemelea na shali nyeupe ili azifunike.

Keren aligeuka, akaisukuma shali taratibu.

"Acha, Mama," alisema. "Watu waone kama mama yangu alifika."

Emerance, ambaye ziwani hakutoa hata chozi moja, alikaa chini na kulia kwa sauti ile ya sokoni, na Fanny, bila kumngoja padri, akaanzisha wimbo.